Uhalisia Pepe Darasani: Shule Inunue Vipindi, Siyo Miwani

Juni 2021 Google iliifunga Expeditions, huduma iliyoianzisha mwaka 2015 kwa ajili ya shule. Mwalimu alishika tableti, wanafunzi walishika simu zilizopachikwa ndani ya Cardboard, kiboksi cha karatasi ngumu chenye lenzi mbili, na darasa zima likazama pamoja kwenye matumbawe ya baharini au likapanda magofu ya Machu Picchu. Seti ya vifaa ilikuja na ruta yake, kwa hiyo safari ilifanyika hata pale ambapo intaneti haikufika. Kiboksi kiliuzwa kwa takriban dola 15 na michoro yake ilitolewa bure kwa yeyote mwenye mkasi. Kufikia mwaka 2019 Google ilikuwa imesambaza zaidi ya Cardboard milioni 15. Sijaona bidhaa nyingine ya uhalisia pepe (virtual reality) iliyozifaa shule za kipato kidogo kama hiyo, nayo ikaondolewa sokoni. Machi 2021 Google iliacha kuuza kiboksi, na miezi mitatu baadaye safari zenyewe zikahamishiwa Google Arts & Culture, bila ule mfumo wa mwalimu kuliongoza darasa zima kwa wakati mmoja. Shule zilizokuwa zimepanga masomo yao humo zilibaki na simu na karatasi.

Naanza na habari hiyo kwa sababu wauzaji wa miwani ya uhalisia pepe sasa wanabisha hodi kwenye shule binafsi, wizara na wafadhili, na mazungumzo yao huanza na bei ya kifaa. Avantis ya Uingereza huuza ClassVR, miwani inayokuja kwa seti ya nane ndani ya sanduku linalozichaji, pamoja na tovuti ya masomo ambayo mwalimu huitumia kuziendesha zote. Meta, mmiliki wa Facebook, ina Quest 3S iliyoingia sokoni mwaka 2024 kwa dola 299, na ilianza kutoa huduma maalumu kwa taasisi za elimu. zSpace ya California, iliyoingia soko la hisa la Nasdaq Desemba 2024, huuza kompyuta zinazotoa picha za pande tatu juu ya meza. Kifaa huuzwa mara moja, lakini faida ya kudumu inatafutwa kwenye ada ya kila mwaka ya masomo, programu ya kusimamia vifaa, mafunzo ya walimu na udhamini. Kwa hiyo mnunuzi anayelinganisha bei za miwani analinganisha kisichomgharimu sana. Shule inapaswa kununua vipindi vilivyohakikishwa, tena vya yale mambo tu ambayo haiwezi kuyafundisha kwa njia nyingine, na vyuo vya ufundi vitangulie mbele ya madarasa ya kawaida.

Tupige hesabu ya kipindi kimoja. Darasa lina wanafunzi 48, kipindi ni dakika 40, na shule ina seti moja ya miwani nane. Makundi ni sita. Kila mwanafunzi anapopokea miwani lazima ifutwe, mkanda ukazwe, lenzi zisogezwe zilingane na macho yake, na anayevaa miwani ya macho aangaliwe isije ikabana. Tukilipatia kila kundi dakika mbili tu za maandalizi hayo, dakika 12 zimekwisha, na zilizobaki zinampa kila mtoto chini ya dakika tano ndani ya somo. Wakati huohuo wenzake 40 wanasubiri, na mwalimu ni mmoja. Betri ya miwani kama Quest 3 hudumu saa mbili hivi, sawa na vipindi vitatu, kisha hurudishwa kwenye umeme. Usafi nao si jambo dogo la kumwachia kiranja wa darasa. Mwaka 2021 Facebook, ambayo sasa ni Meta, ilitangaza kurejesha takriban sponji milioni 4 za usoni za Quest 2 nchini Marekani baada ya wavaaji kulalamikia ngozi kuwasha. Seti hiyo ya miwani nane, kwa bei hiyo ya uzinduzi ya Quest 3S, ni dola 2,392 kabla ya usafiri, kodi na ada za programu: zaidi ya shilingi milioni 5 za Tanzania, au takriban laki tatu za Kenya. Fedha hizo zinaweza kununua projekta, spika na kompyuta ya mwalimu, vitu vinavyoonwa na wanafunzi wote 48 kwa dakika zote 40.

Jibu la haraka ni kwamba bei zitashuka kama zilivyoshuka za simu. Sikubaliani, na sababu imo kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni zenyewe. Kitengo cha Meta kinachotengeneza miwani, Reality Labs, kilipata hasara ya dola bilioni 16.1 mwaka 2023 na bilioni 17.7 mwaka 2024. Bei ndogo tunayoiona ni ruzuku ya kampuni inayotafuta soko, na mwenye kutoa ruzuku anaweza kuiondoa: Quest 2 iliyozinduliwa kwa dola 299 mwaka 2020 ilipandishwa hadi dola 399 mwaka 2022. Maisha ya kifaa nayo ni mafupi. Quest ya kwanza ilitoka Mei 2019, na Januari 2023 Meta ilitangaza kuwa haitaiongezea uwezo mpya. Desemba 2023 Microsoft ilitangaza kuachana na mfumo wake wa Windows Mixed Reality, na toleo la Windows 11 la mwaka uliofuata likauondoa kabisa, hivyo miwani za HP, Acer na Samsung zilizoutegemea zikakosa mfumo wa kuzibeba japo lenzi zake zilikuwa nzima. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kuwa bidhaa za kidijitali za elimu hubadilika kila miezi 36 kwa wastani. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza leo atafanya mtihani wa kidato cha nne baada ya muda mrefu kuliko huo. Dawati, kitabu cha kiada na darubini ya maabara havina tabia hiyo, na bajeti za shule zetu zimejengwa kwa vitu vya namna hiyo.

Tuseme fedha zipo. Je, wanafunzi hujifunza zaidi? Hapa ushahidi unataka kusomwa kwa makini, maana watafiti wamepata mambo mawili yanayovutana. Jocelyn Parong na Richard Mayer wa Marekani, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2018, walifundisha somo moja la baiolojia kuhusu mwili wa binadamu kwa uhalisia pepe na kwa slaidi za kawaida. Waliovaa miwani walifurahia zaidi na walikuwa na hamasa zaidi, lakini waliotumia slaidi ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye jaribio. Mwaka 2019 Guido Makransky na wenzake walipata picha inayofanana kwa wanafunzi wa chuo waliotumia maabara ya kuigiza: miwani iliwafanya wajione wamo ndani ya maabara, huku wakijifunza kidogo kuliko walipotazama kazi ileile kwenye skrini ya kompyuta. Akili inayoshughulika na kutazama huku na huko hubakiwa na nafasi ndogo ya kufikiri juu ya kinachoelezwa. Hata hivyo Parong na Mayer waligundua pia kwamba somo lilipokatwa vipande, na mwanafunzi akatakiwa kuandika muhtasari baada ya kila kipande, matokeo ya waliovaa miwani yalipanda bila hamasa yao kushuka. Hilo ni jambo kubwa kwa mnunuzi. Kilicholeta tofauti ni ufundishaji, yaani kazi ya mwalimu na ya mtunga somo, na hao hawamo ndani ya sanduku la miwani.

Hoja nzito zaidi dhidi ya msimamo wangu inatoka kwenye sayansi, na inastahili kupewa nafasi. Tanzania imepambana na upungufu wa maabara kwa miaka mingi. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, na wananchi wakachangishwa. Kuta zilisimama kwa wingi, lakini kujenga chumba na kukijaza vifaa, kemikali, maji na fundi sanifu wa maabara ni gharama mbili tofauti, na ya pili hurudi kila mwaka. Mtu atauliza: kwa nini tusiruke hatua hiyo, tuweke maabara ndani ya miwani, mwanafunzi achanganye asidi na besi mara 100 bila kununua hata chupa moja? Kwa baadhi ya mambo yuko sahihi. Moyo unaodunda ukiwa umefunguliwa, mwendo wa elektroni kwenye waya, umbo la molekuli au ndani ya volkano havitaingia kwenye maabara yoyote ya kata, hata tajiri. Lakini kupima kemikali kwa bureti, mrija wa kioo wenye alama na koki, ni ujuzi wa vidole. Mwanafunzi anajifunza kuifungua koki taratibu, kungoja tone la mwisho linalobadilisha rangi, kusoma alama macho yakiwa usawa wa kimiminika, kisha kurudia kwa sababu mara ya kwanza alizidisha. Kidhibiti cha plastiki mkononi hakimpi uzito wa kioo wala hofu ya kumwaga. Na mtihani wa taifa wa vitendo utamkuta mbele ya bureti halisi. Miwani ikiingia kabla maabara haijajazwa, itampa kila afisa anayebana bajeti kisingizio cha kutonunua bureti. Ndiyo maana nasema iongezwe pale ambapo maabara inafanya kazi, isiwe mbadala wake.

Ambapo hesabu inakubali kwa urahisi ni kwenye mafunzo ya kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2002 jaribio la madaktari 16 waliokuwa wakijifunza upasuaji: waliozoezwa kwanza kwenye kifaa cha uhalisia pepe walitenganisha kibofu cha nyongo kwa haraka zaidi kwa asilimia 29, na wenzao wasiopata zoezi hilo walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kukijeruhi kibofu hicho au kuunguza nyama isiyohusika. Kwenye uchomeleaji, utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wanafunzi waliogawa muda wao nusu kwenye kifaa cha kuigiza na nusu kwenye karakana walifaulu majaribio mengi zaidi ya vyeti kuliko waliokaa karakana tu. Anayejifunza kuchomelea huharibu vijiti, vyuma na umeme kwa wiki nyingi kabla mkono wake haujatulia. Kosa la ndani ya miwani halili chuma, na mashine humwonyesha papo hapo kama pembe ya kijiti imelala au mwendo wake umezidi. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeitafiti teknolojia hii kwa zaidi ya miaka 20, hushauri itumike kwa yale ambayo yakifanywa kweli yangekuwa hatari, hayawezekani, yana madhara au ni ghali mno. Vyuo vya VETA, mamlaka ya ufundi stadi nchini Tanzania, na vya ufundi nchini Kenya vimejaa masomo ya namna hiyo: umeme mkubwa, mitambo mizito, kazi za juu ya minara.

Hata huko, idadi ya watumiaji ndiyo huamua. Ripoti ya kampuni ya ushauri ya PwC ya mwaka 2020, ambayo wauzaji huinukuu kwa kuwa ilisema wanaotumia miwani humaliza mafunzo mara nne haraka kuliko walio darasani, ilihusu wafanyakazi watu wazima wa kampuni hiyo waliokuwa wakifundishwa stadi za mahusiano kazini. Isitumiwe kumuuzia mtu somo la jiografia la darasa la sita. Lakini takwimu yake nyingine inafaa kukumbukwa: gharama ya miwani ililingana na ya darasa pale tu waliofundishwa walipofikia 375. Chuo kikubwa cha ufundi, au vyuo kadhaa vinavyopokezana seti, vinaweza kufika hapo. Shule moja yenye seti moja itahangaika.

Wapo wanaohofu kwamba tukisubiri, watoto wetu wataachwa nyuma. Hofu hiyo ni ya kweli, nami ninayo. Lakini tayari tunajua kilichotokea pale vifaa vilipotangulia. Peru iligawa laptopu zaidi ya laki nane kwa mpango wa One Laptop per Child, na tathmini ya mwaka 2012 ya Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika haikuona nyongeza kwenye alama za hisabati wala lugha. Kenya, kuanzia mwaka 2016, ilisambaza vifaa zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi za umma, na faida mojawapo iliyobaki kwa shule nyingi ilikuwa umeme uliovutwa kwa ajili ya vifaa hivyo. Ripoti ile ya UNESCO ya mwaka 2023 ilisema ni asilimia 40 tu ya shule za msingi duniani zilizokuwa zimeunganishwa na intaneti. Mtoto anayepitwa na miwani mwaka huu anaweza kuikuta chuoni, iliyo bora zaidi. Aliyepitwa na kusoma kwa ufahamu akiwa darasa la tatu hana pa kuupata ujuzi huo.

Mkataba wowote utakaosainiwa unapaswa pia kusema takwimu za mwendo wa watoto ambazo miwani hukusanya ni za nani. Mwaka 2023 watafiti wa Berkeley walionyesha kuwa sekunde 100 za mwendo wa kichwa na mikono zilitosha kumtambua mtu mmoja kati ya wachezaji zaidi ya 50,000 kwa usahihi wa asilimia 94. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Zote zipo, na wakuu wa shule wazitumie kabla ya kupokea hata msaada wa bure.

Kuhusu masomo yenyewe, mali iliyopo karibu ni kubwa kuliko inavyofikiriwa. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umekwisha kupima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa vipimo vya pande tatu. Kuanzia mwaka 2019, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kupiga picha za nyuzi 360 za visiwa vyao kwa ajili ya Google Street View. Picha na vipimo vya aina hii, vikihifadhiwa kwa miundo iliyo wazi, hufunguka kwenye miwani, kwenye simu ya bei nafuu na kwenye projekta ya ukutani, kwa hiyo kampuni moja ikifunga duka somo halifi. Zabuni ya kwanza ambayo Taasisi ya Elimu Tanzania au KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ingeweza kuitangaza ni ya masomo kumi ya namna hiyo, kwa Kiswahili na Kiingereza, yaliyokatwa vipande na kupewa maswali na walimu wa somo husika, yakamilikiwa na taasisi yenyewe. Ya pili ni ya vipindi: mtoa huduma apeleke seti, fundi na vipuri kwenye kanda, alipwe kwa kila kipindi kilichofundishwa na mwalimu akakitia saini, na miwani ikizimwa na mtengenezaji wake kabla ya miaka mitano, hasara iwe yake.