Manisha Koirala: Mnepali Katika Sinema za Bara Hindi

Katika watazamaji wa sinema za Kihindi wa miji ya pwani yetu, waliomzoea Manisha Koirala tangu zama za kanda za video, wapo wanaomdhania hata leo kuwa ni Mhindi, ilhali yeye ni Mnepali, aliyezaliwa Kathmandu mwaka 1970 katika nasaba iliyoipa Nepal mawaziri wakuu wanne. Babu yake, B. P. Koirala, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuupata wadhifa huo kwa kura za raia, kabla ya Mfalme Mahendra kumwondoa na kumtia gerezani mwaka 1960.

Manisha alilelewa Banaras kwa bibi yake mzaa mama, na udaktari ndio aliokuwa akiutamani. Alionekana kwanza katika filamu ya Kinepali, Pheri Bhetaula, mwaka 1989. Miaka miwili baadaye mwongozaji Subhash Ghai akamtambulisha kwa Wahindi katika filamu ya Saudagar. Lakini jamali ya sura haikumridhisha mwongozaji Vidhu Vinod Chopra, ambaye, alipomjaribu kwa ajili ya filamu yake 1942: A Love Story, alimwambia bila ya kumficha kuwa hajui kuigiza. Binti yule hakukata tamaa. Aliomba muhula wa siku moja, akaenda kuyadurusu maneno yale yale, na aliporejea aliyatamka kwa hisia hata Chopra akageuza shauri lake na kumpa nafasi.

Mwaka 1995 mwongozaji Mani Ratnam alimpa, katika filamu ya Bombay, nafasi ya Shaila Bano, mwanamke wa Kiislamu aliyeolewa na Mhindu na kukutwa na fitina na moto wa ghasia za mji wenye jina hilo. Mwaka uliofuata ikaja Khamoshi, ya Sanjay Leela Bhansali, ambamo alikuwa Annie, binti wa wazazi viziwi, mwenye kusema nao kwa mikono na kuwaimbia walimwengu kwa sauti ambayo wao hawaisikii. Filamu hiyo haikuleta fedha, na kwa rai yangu hasara hiyo ni aibu ya watazamaji, si yake.

Kisha, mwaka 2012, akagunduliwa kuwa na saratani ya ovari, akatibiwa New York, na kwa rehema ya Mungu akapona. Alirejea kazini katika Dear Maya mwaka 2017, akiwa na umri ambao watengenezaji sinema, kwa ada yao mbaya, hawamwoni tena mwanamke ila kuwa mama wa shujaa.

Aliyemtoa katika ada hiyo ni Bhansali yule yule, miaka 28 baada ya Khamoshi, kwa tamthilia ya mtandaoni ya Netflix, Heeramandi, iliyoonyeshwa mwaka 2024 kwa sehemu 8. Humo yeye ni Mallikajaan, bibi mkuu wa kasri la wanawake wachezaji wa Lahore wakati wa utawala wa Waingereza: mwenye vito shingoni, hila moyoni, na majuto asiyoyakiri. Kwa tukio moja tu alikaa ndani ya maji ya chemchemi ya kasri kwa zaidi ya saa 12, na yale maji, yaliyokuwa ya vuguvugu na safi mwanzoni, yakageuka matope kwa miguu ya wapiga picha.

Anayetaka kuujua ustadi wake asianze na fahari hiyo ya Lahore; na aitafute kwanza Khamoshi, ndipo amwendee Mallikajaan.