Chipsi hunywa mafuta saa ngapi?

Uwe Kibaha unakaanga viazi, au Kisarawe unakaanga muhogo, pengine unaamini chipsi hunywa mafuta zikiwa kwenye sufuria. Kumbe mengi huingia ukishaziepua!

Iko hivi. Kiazi kibichi kina maji karibu asilimia 80. Kwenye mafuta ya nyuzi 170 hivi, maji hayo yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Ndiyo yale mapovu unayoyaona. Mvuke unaotoka unayazuia mafuta kuingia. Ukiepua, chipsi zinapoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji, shinikizo linashuka, na mafuta yaliyobaki juu yanavutwa ndani kama soda kwenye mrija.

Sasa fanya hivi:

1. Kata vipande vinene. Vyembamba vina eneo kubwa la kushika mafuta.
2. Suuza, kisha kausha kwa kitambaa safi. Maji yakikutana na mafuta ya moto ndiyo yanayorusha matone jikoni kote.
3. Tumia sufuria ndogo yenye kina, ukaange kidogo kidogo ili mafuta yasipoe.
4. Zikiwa rangi ya dhahabu, epua, kung'uta na kuzifuta kwa karatasi papo hapo. Usisubiri zipoe.

Kwa muhogo, menya na uchemshe kwanza, umwage maji. Ukiuonja ukakuta mchungu, achana nao: una sumu ya sayanaidi, na kukaanga tu hakuiondoi.