Kishada cha maji

Kishada cha maji ni kundi dogo la molekuli za maji (H₂O) zilizoshikamana kwa miungo ya hidrojeni. Wanakemia huchunguza vishada hivi ili kuona hatua kwa hatua jinsi dutu inavyoyeyuka majini.

== Muungo wa hidrojeni ==

Katika molekuli ya maji, oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko hidrojeni. Hivyo oksijeni huwa na chaji hasi kidogo na hidrojeni huwa na chaji chanya kidogo. Hidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Muungo huu una nishati ya takriban kJ 20 kwa moli, ilhali ule wa O–H ndani ya molekuli hufikia takriban kJ 460.

Molekuli tatu, nne au tano hujipanga kama pete, kila moja ikitoa hidrojeni moja na kupokea moja. Miungo ya pete husaidiana, kwa hiyo kila mmoja huwa imara kuliko ule wa molekuli mbili peke yake. Kuanzia molekuli sita hutokea maumbo mengine, kwa mfano kizimba.

== Athari ya molekuli ngeni ==

Methanoli ina kundi la OH, hivyo inaweza kushika nafasi katika pete, huku sehemu yake ya CH₃ ikibaki nje. Ioni ya natiri huvuta oksijeni za maji, na ioni ya kloridi huvuta hidrojeni zake. Zote hushindana na miungo kati ya maji na maji. Methani karibu haishiriki kabisa.

== Mfano wa kloridi ya hidrojeni ==

Kloridi ya hidrojeni (HCl) ikiwa na molekuli moja hadi tatu za maji hubaki nzima, ingawa muungo wake hurefuka. Ikiongezwa ya nne, protoni inaweza kuhamia kwenye maji. Hapo hupatikana ioni za H₃O⁺ na Cl⁻, zikitenganishwa na molekuli tatu za maji. Mwaka 2009 watafiti wa Bochum, Ujerumani, walichapisha ushahidi wa jambo hili kutoka matone ya heli yenye halijoto ya takriban K 0.37. Kumbe asidi inaweza kuachia protoni yake hata penye maji machache mno na baridi kali.

== Umuhimu ==

Elimu hii husaidia kueleza kemia ya angahewa. Katika mawingu ya juu ya ncha za dunia, HCl hunaswa kwenye barafu na kushiriki katika mmenyuko unaotoa klorini, ambayo huharibu ozoni.