Je, Wajua? Chuma Nacho Hulegea

Je, wajua kwa nini nondo za jiko la nyama choma hufanya tumbo katikati? Pita Kijenge, Arusha, jioni ukaangalie jiko lililokwisha kuzeeka. Fundi alizichomelea zikiwa zimenyooka, leo zimebonyea. Hazikuyeyuka, maana chuma safi huyeyuka kwenye 1,538°C na mkaa wa mchoma nyama haufiki huko. Wala mishikaki si mzigo wa kukunja nondo. Ila chuma kikikaa kwenye moto mkali huku kimebeba kitu, hata uzito wake chenyewe, hulegea kidogo kidogo na hakirudi.

Kwa makadirio, metali huanza tabia hiyo joto likifika asilimia 40 hivi ya joto lake la kuyeyukia, kwa kipimo cha kelvini. Kwa chuma ni kama 450°C. Risasi, inayoyeyuka kwa 327°C, hulegea hata kwenye baridi ya Julai ya Arusha!

Je, wajua umeme unaofika kwako huenda umepitia vita hivyo vya chuma na moto? Katika mtambo wa Kinyerezi II, Dar es Salaam, wenye megawati 240, gesi inayoungua hupita 1,000°C, kisha joto linalobaki huchemsha maji yaendeshe turbini ya mvuke. Chuma cha kawaida hakiwezi kazi hiyo. Mapanga ya turbini za gesi hutengenezwa kwa aloi za nikeli; mabomba ya mvuke mkali huongezewa kromi na molibdeni.

Sasa, bomba linatakiwa lidumu saa 100,000, yaani miaka 11 na ushee. Nani atasubiri kulijaribu muda wote huo? Mwaka 1952, Wamarekani F. R. Larson na James Miller walitoa njia ya mkato: chukua joto kwa kelvini, zidisha kwa jumla ya 20 na logi ya saa ambazo chuma kitadumu (zile logi za kidato cha pili). Mzigo usipobadilika, jibu halibadiliki. Chuma kinachokatika baada ya saa 100,000 kwenye 550°C, ukikipandisha hadi 600°C kitadumu saa 3,700 hivi, miezi mitano tu. Kwenye 650°C, siku nane. Nyuzi 50 tu za mwanzo, na miaka kumi na ushee imeyeyuka.

Ni hesabu tamu, lakini usiiamini kupita kiasi. Ndani ya chuma, chembe zinazokipa nguvu hukua na kupungua idadi kadiri miaka inavyopita, na jaribio la wiki moja haliyaoni hayo. Ndiyo maana wahandisi makini hawakadirii zaidi ya mara tatu ya muda wa jaribio lao refu kuliko yote.

Wajapani waliamua kusubiri. Kipande cha chuma walichokitundikia mzigo mwaka 1969, kwenye 400°C, kilivunja mwaka 2011 rekodi ya Wajerumani ya jaribio refu zaidi la aina hiyo, saa 356,463, kikiwa bado hakijakatika.