Kutambua Msongo wa Mawazo kwa Mwendo wa Kuchapa

Mtahiniwa, huenda umewahi kusubiri barua au maombi ya mkopo yachapwe kwenye steshenari ya Mbagala au Tandale. Siku ya foleni ndefu mchapaji hachapi kama siku ya utulivu. Kompyuta inaweza kuipima tofauti hiyo.

Namna inavyofanya kazi

Programu haihitaji kuelewa maana ya maneno yanayochapwa. Inarekodi:

(a) Muda wa kubonyeza: tangu kitufe kibonyezwe hadi kiachiwe.
(b) Muda wa kuhama: tangu kitufe kimoja kiachiwe hadi kinachofuata kibonyezwe.
(c) Masahihisho: ni mara ngapi kitufe cha kufuta kimetumika.

Vipimo vya (a) na (b) huwa katika milisekunde. Milisekunde 1,000 ni sawa na sekunde 1.

Kwanza programu hujifunza mwendo wa kawaida wa mtu, kisha humlinganisha na yeye mwenyewe, si na mwenzake. Kila mtu ana mwendo wake, kama alivyo na mwandiko wake.

Mfano: Tuchukulie muda wa kuhama wa Asha kwa kawaida ni milisekunde 120, na leo ni 180. Ongezeko ni 60 ÷ 120 × 100 = 50%. Hiyo ni dalili tu, si ushahidi kamili.

Udhaifu wake

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, walichapisha matokeo yao. Hali kama wasiwasi, huzuni na uchovu zilitambuliwa kwa usahihi wa asilimia 77 hadi 88. Maana yake, katika kila maamuzi 100, kati ya 12 na 23 hukosewa. Aidha, kibodi ngeni au kidole chenye jeraha hubadilisha mwendo bila msongo wowote.

Haki ya mfanyakazi

Mwajiri akitumia vipimo hivi kumpumzisha aliyechoka, vinasaidia. Akivitumia kumfukuza, anaweza kumwonea asiye na kosa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kihalali na kwa lengo mahususi.

Swali la kujipima

Eleza vipimo viwili vya mwendo wa kuchapa, kisha toa sababu mbili za kutovitegemea peke yake.

Dokezo: Usiandike "kompyuta inajua hisia". Andika "kompyuta inakadiria hisia".