Benzeni yabanwa bandarini Ubelgiji

Mwaka 2024 serikali ya Ubelgiji mjini Brussels iliamua kwamba petroli na dizeli zinazopelekwa nje ya Umoja wa Ulaya kupitia bandari zake, hasa Antwerp, zisiwe chafu kuliko zile zinazouzwa Ulaya kwenyewe. Uholanzi ilikuwa imetangulia mwaka 2023. Kabla ya hapo, shehena zenye salfa na benzeni nyingi zilisafirishwa kihalali kwenda Afrika Magharibi.

Salfa inafahamika kwa wengi. Lakini benzeni ni nini?

Ni kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamu kidogo, kilichogunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1825. Molekuli yake ina atomu sita za kaboni zilizoshikana mfano wa pete, kila moja ikiwa na atomu moja ya haidrojeni. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1865 na Mjerumani August Kekulé, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Ghent, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni kutoka Brussels. Tolueni na zaileni nazo zina pete hiyo. Wanakemia huziita zote haidrokaboni za kunukia, jina la kupendeza kuliko zinavyostahili.

Pete hiyo ni imara, na ndiyo faida yake: petroli yenye haidrokaboni hizo hailipuki kabla ya wakati wake ndani ya injini. Kazi hiyo zamani ilifanywa pia na madini ya risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliyaondoa katika petroli kufikia mwaka 2006. Benzeni hutumika pia kutengeneza plastiki na nailoni. Tolueni huyeyusha rangi na gundi, ikiwemo ile inayonuswa na watoto wa mitaani jijini Nairobi.

Ubaya wa benzeni ni kwamba hugeuka mvuke upesi. Ikivutwa kwa miaka mingi huharibu uboho, mahali damu inapotengenezwa, na huweza kusababisha saratani ya damu. Kwa sababu hiyo Ulaya iliweka kikomo cha asilimia 1 ya benzeni katika petroli tangu mwaka 2000. Sheria ya mwaka 2022 ikaagiza kwamba kuanzia Aprili 2026 hewa ya mahali pa kazi isizidi sehemu 0.2 za benzeni katika kila sehemu milioni moja.

Afrika Mashariki hununua mafuta yake zaidi kutoka nchi za Ghuba na India, hivyo uamuzi wa Brussels hauigusi moja kwa moja. Huko hatari iko karibu zaidi na mwili: fundi anayevuta petroli kwa mdomo kupitia mpira, au anayenawa nayo mikono kuondoa grisi, na muuzaji wa petroli ya chupa anayeihifadhi chumbani anamolala. Benzeni hupenya hata kwenye ngozi. Grisi hutoka kwa sabuni ya unga, na pampu ndogo ya mkono hufanya kazi ile ya mdomo.