Kijana Hana Afisi, na Posa Iko Njiani

Mwaka jana, siku chache kabla ya mfungo, dada yangu alinijia nyumbani na uso wa kufiwa. Hakutaka kahawa wala hakuketi. "Kaka, mwanangu ameacha kazi Nairobi," akasema. "Amerudi na kompyuta yake chumbani, ati sasa anajiajiri. Na wewe ndiwe mjomba, ndiwe utakayekwenda kuposa. Utawaambia nini wenyewe?"

Swali hilo, msomaji mpenzi, lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwetu pwani posa haipokewi mpaka baba wa binti amekwisha uliza mambo mawili: kijana ni wa nani, na afanya kazi wapi? La kwanza nililiweza. La pili halikuwa na "wapi".

Nikamwendea kijana mwenyewe. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba. Umefukuzwa?" Akacheka. Hakufukuzwa. Miaka minne alikuwa ameajiriwa na kampuni moja kutunga programu za kompyuta (wengine husema tarakilishi, nami sigombani nao). Kazi yake hasa ilikuwa kuunganisha maduka na M-Pesa, ili mnunuzi akilipa kwa simu, daftari la duka lijiandike lenyewe. M-Pesa twaijua tangu 2007. Lakini ni mwaka 2017 ambapo wenyewe walifungua mlango walioupa jina la Daraja, ambapo mtunzi yeyote aweza kuifungamanisha programu yake na malipo hayo. Kijana aliona kampuni ikiuza kazi ya mikono yake kwa bei moja, naye akilipwa kwa bei nyingine. Tena mamake yuko peke yake Mombasa, na miguu yamwuma. Akaweka akiba ya chakula cha miezi sita, akaandika barua ya kuacha kazi.

Nakiri kwamba nilikwenda kumkemea. Lakini alinifungulia kioo cha kompyuta nione anachokifanya, na kemeo likanitoka kichwani. Niliona mistari mifupi mifupi, mingine imesogezwa ndani, mingine nje, mfano wa beti. Ukikosea herufi moja, yote yasimama. Akaniambia kila programu ina ndani yake algorithimu, yaani hatua za kufuatwa moja baada ya moja mpaka jawabu lipatikane, na kwamba neno hilo limetokana na jina la mtu. Nikamwuliza nani. Akasema Al-Khwarizmi.

Basi hapo nilitabasamu, kwani jina hilo silo geni kwa mtu aliyepita chuoni. Mwanachuoni huyu alikuwa Baghdad katika karne ya 9, na kitabu chake cha aljebra, sehemu yake kubwa ni hesabu za wasia na mirathi: mtu amekufa, ameacha mke na watoto, na deni, na kila mmoja apewe fungu lake. Hesabu zizo hizo ndizo zilizotutoa jasho mbele ya mwalimu wetu. Kumbe mpwa wangu na mimi tulisoma kwa mtu mmoja, ila yeye hakuchapwa.

Hata hivyo, shairi ni shairi, na mkate ni mkate. Nilipofika nyumbani nilimtumia ubeti huu kwa simu:

Umeiacha afisi, yenye kiti na kivuli,
Wajitia wasiwasi, huna bwana huna mali,
Nikuulize upesi, unijibu kwa kauli,
Mwezi ukiisha, mwana, nani atakayelipa?

Akanijibu: "Mjomba, nitakujibu mwezi ukiisha." Mwezi uliisha, asinijibu, nami sikuuliza.

Miezi ile ya kwanza ilikuwa migumu. Watu hudhani mwenye kujiajiri auza kila saa ya siku yake. Sivyo. Nusu ya juma ilimwishia katika kutafuta wateja, kuandika makadirio ya bei, kutuma ankara na kukumbusha ankara. Kuna masoko ya kazi hizi mtandaoni, kama Upwork, lenye jina hilo tangu 2015. Humo mtu wa Mombasa hushindana na mtu wa Karachi na wa Manila, na soko lenyewe hukata ushuru wake. Kodi hakuna wa kukukatia: ni wewe na KRA, na hesabu zipelekwe kabla ya Juni 30. Bima ya afya, ile iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, wailipa mwenyewe. Akiba ya uzeeni vivyo hivyo. Ukishikwa na homa siku tatu, siku tatu hizo hazina malipo. Tena stima ikipotea, mteja wa ng'ambo hajui kwamba imepotea.

Na usiku! Saa tatu ya asubuhi New York ni saa kumi ya alasiri kwetu, na wakati wa baridi yao ni saa kumi na moja. Kwa hiyo mkutano wao wa mchana ni usiku wetu. Majirani walimsikia akizungumza Kiingereza peke yake chumbani saa sita za usiku, na mama mmoja mwema akamshauri dada yangu amtafutie mtu wa kumsomea.

Lakini kazi yenyewe ingewezaje kufanyika Mji wa Kale? Mwaka 2009 nyaya mbili zilifika kwetu kupitia chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, hii ya pili ikitoka Fujairah. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na mwendo wa kobe. Na zana za kazi nyingi ni za bure: Linux, aliyoianza mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991, yatumiwa na dunia nzima bila kununuliwa.

Pigo lilikuja mwezi wa tano. Mteja mmoja wa Ulaya alitaka programu ya kupangisha vyumba. Kijana alifanya kazi wiki sita, akakabidhi kila kitu, akatuma ankara. Kimya. Aliandika barua tano, zisijibiwe. Fedha hizo ndizo zilizokuwa za mahari. Dada yangu alilia, na mimi nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwambia kijana arudi Nairobi. Sikuyasema, namshukuru Mungu kwa hilo, kwani sikuwa na hakika.

Badala yake nilimwomba daftari lake la mapato na matumizi, nikalikunja kwapani, nikaenda kuposa.

Baba wa binti alikuwa fundi seremala maisha yake yote. Nilimweleza kazi ya kijana kadiri nilivyoielewa. Akauliza kama ni kweli siku hizi mashine zajitungia programu zenyewe. Nikamjibu alivyonijibu mpwa wangu: zatunga, na kazi ndogondogo zimeshuka bei kwa ajili hiyo, lakini mwenye duka hupenda kumjua mtu atakayemwita hesabu zikiharibika. Mzee akalifunua daftari, karatasi baada ya karatasi. Akatua kidole penye wiki sita.

"Huyu alimtolea arubuni ngapi?"

Nikasema hakutoa kitu.

"Miaka arubaini sijakata mbao ya mlango wa mtu kabla ya kushika nusu ya fedha. Hakuna aliyemfundisha?"

Nilimpelekea mpwa wangu maneno hayo kama yalivyo. Mteja aliyefuata, Mmarekani, aliombwa nusu mbele, akalipa siku ile ile bila kuuliza sababu.

Jibu la posa lilichukua majuma mawili. Walikubali, kwa sharti moja: binti ni mwalimu, huamka alfajiri, kwa hiyo mazungumzo ya usiku wa manane yasifanyike chumba cha kulala. Kijana amekwisha pata chumba cha kazi Kibokoni, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kodi alilipa ya miezi mitatu kwa mkupuo. Mlangoni hakuna kibao.